Bunduki ya Mashindano, Mchana na Gizani: Namna ya Kujizoeza

Mwezi wa Desemba hapa Oulu, kaskazini mwa Ufini, jua huchomoza baada ya saa nne asubuhi na kuzama mnamo saa nane mchana. Mtu aliyeajiriwa, anayetoka kazini saa kumi jioni na anayejiandaa kwa mashindano ya msimu ujao, hana mchana wa kutumia isipokuwa Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo hujizoeza gizani apende asipende. Nami nilianza hivyo, kwa kulazimika, na baada ya majira kadhaa ya baridi nimekuja kuamini jambo ambalo ndilo msingi wa mwongozo huu: giza halidai ufundi mwingine, bali hufichua yale ambayo macho yalikuwa yakiisaidia mikono kuyafanya. Anayetafuta magazini, yaani kibweta cha risasi, kiunoni kwa kutazama hupata mchana na hukosa usiku. Anayeipata kwa kugusa huipata wakati wowote. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mazoezi ya usiku hufanyika mchana, tena nyumbani, bila risasi hata moja.

Ninaozungumzia ni mchezo ambao mshindani hukimbia kutoka sehemu moja hadi nyingine akilenga shabaha za karatasi na za chuma kwa zamu yake, peke yake, akiwa na mwamuzi nyuma yake. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, IPSC, lilianzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, nchini Marekani, na mashindano yake ya dunia ya bunduki yamefanyika Kubinka nchini Urusi mwaka 2017, Karlskoga nchini Uswidi mwaka 2019, na hapa Oulu mwaka 2024. Wafini wana pia mchezo wao wa askari wa akiba, wenyewe huuita SRA, unaofanana nao sana, na hakuna anayeruhusiwa kushindana kabla ya kumaliza kozi. Mashindano hugawanywa katika vituo, kila kimoja kikiwa na mpango wake wa shabaha na muda wake, na vituo vya usiku huandaliwa na klabu zenyewe, kwa masharti ya ziada ambayo mshindani hana budi kuyasoma kabla ya kufunga mkoba wake.

Sheria hutangulia kila kitu. Katika Umoja wa Ulaya, maelekezo ya mwaka 2017 yaliiweka bunduki ndefu ya kujipakia yenyewe, ikiwa na magazini ya risasi zaidi ya 10, katika kundi la silaha zilizokatazwa, isipokuwa kwa wale waliopewa ruhusa maalumu, wakiwamo wanamichezo wanaothibitisha kwamba wanashiriki kweli. Msomaji aliyeko Kenya au Tanzania ajue kwamba sheria za huko ni kali zaidi kwa bunduki za aina hii, na kwamba hata bunduki ya hewa haimilikiwi bila kuuliza kwanza ofisi ya leseni. Mazoezi yote ninayoyaeleza hapa ni ya mtu mwenye leseni, aliye chini ya klabu, katika uwanja uliokubaliwa.

Kabla ya kujizoeza, elewa jinsi alama zinavyohesabiwa, kwa kuwa hesabu hiyo ndiyo inayoamua uharakishe wapi na utulie wapi. Alama ulizopata hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Aliyepata alama 100 kwa sekunde 25 ana 4.0, na aliyepata alama 92 kwa sekunde 21 ana 4.38, naye ndiye mshindi wa kituo ingawa alilenga vibaya zaidi. Usifurahi upesi, hata hivyo. Risasi iliyokosa karatasi kabisa hukuondolea alama 10, na risasi iliyopiga shabaha nyeupe, ile isiyopaswa kuguswa, hukuondolea 10 nyingine. Eneo la katikati hutoa alama 5 kwa kila mtu, lakini maeneo ya pembeni hutegemea nguvu ya risasi: mwenye nguvu kubwa hupata 4 na 2, mwenye nguvu ndogo hupata 3 na 1. Nguvu hupimwa kwa kuzidisha uzito wa risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito wa risasi) na kasi yake kwa futi kwa sekunde, kisha kugawanya kwa 1000, na kwa bunduki nguvu kubwa huanzia 320. Risasi ya milimita 5.56 yenye greni 55 inayokwenda futi 3200 hufikia 176 tu, kwa hiyo mwenye kuitumia hulipa gharama kubwa kwa kila risasi iliyotoka nje ya katikati. Wengi wetu tunaitumia hiyo, na ndiyo sababu ninasisitiza usahihi kwanza.

Anza kwa kurekebisha darubini kwa umbali wa mita 50, ukiwa umelala na bunduki imeegemea mkoba wa mchanga. Kwa bunduki nyingi za 5.56 risasi iliyorekebishwa hivyo huuvuka tena mstari wa macho karibu na mita 200, hivyo mwanzoni huhitaji kufikiria sana kuhusu kushuka kwake. Jambo linalowasumbua wapya ni lile la karibu kabisa. Darubini imekaa sentimita 6 au 7 juu ya mtutu, kwa hiyo kwa mita 7 risasi hupiga zaidi ya sentimita 5 chini ya pale unapoelekeza alama ya kulengea iliyo ndani ya darubini. Weka karatasi ya shabaha mita 7, ifunike kwa shabaha nyeupe hadi kibaki kichwa peke yake, kisha piga risasi tano ukilenga katikati ya kichwa. Utaona matundu yamekusanyika chini, pengine ndani ya ile nyeupe. Piga tano nyingine ukilenga ukingo wa juu. Zoezi hili ni la dakika tatu, nalo limewaokolea watu alama nyingi kuliko vifaa vya bei kubwa.

Mazoezi bila risasi ndiyo mkate wa kila siku. Chagua chumba kimoja, usiingize risasi humo, kagua tundu la risasi ndani ya bunduki kwa macho na kwa kidole kidogo, ukague tena, ndipo uanze. Eneo la katikati la shabaha lina upana wa sentimita 15. Ukitaka kuiga mita 15 ukiwa umesimama mita 3 kutoka ukutani, bandika kipande cha karatasi chenye upana wa sentimita 3. Washa kipima muda, anza kitako kikiwa begani na mtutu ukiwa umeelekea chini, na mlio ukisikika, inua, ondoa kizuizi cha usalama wakati bunduki inapanda, uione alama ndani ya karatasi, ukibonyeze kifyatulio. Jipe sekunde moja na nusu. Usipunguze muda huo mpaka uweze kusema bila kusita alama ilikuwa wapi wakati bunduki ilipotoa sauti. Asiyeweza kusema hivyo hajalenga, amebahatisha, na kipima muda hakitamwambia.

Kubadilisha magazini kunastahili muda mwingi kuliko watu wanavyokupa. Zipange zote kiunoni zikiwa zimeelekea upande mmoja, risasi mbele, na uishike kila moja kidole cha shahada kikiwa kimenyooka kwenye ukingo wake wa mbele, kwa sababu kidole hicho ndicho kitakachoelekeza magazini kwenye shimo lake hata pale ambapo hulioni. Fanya mara ishirini macho yakiwa wazi, kisha mara ishirini yakiwa yamefumbwa, halafu vaa glavu unazozitumia baridini na urudie zote. Nilijifunza umuhimu wa glavu katika kituo changu cha kwanza cha usiku. Theluji ilikuwa ikianguka, glavu zangu zilikuwa mpya, nami nikaitia magazini kinyumenyume, nikaisukuma, nikaisukuma tena kwa nguvu zaidi, nikiamini kwamba bunduki imeganda. Sekunde tisa zilipita kabla sijaigeuza. Mikono yangu ilijua kazi hiyo ikiwa mitupu, kumbe haikuijua ikiwa imevikwa sufu.

Siku za uwanjani, mchana, gawa risasi zako kwa akili. Mtu mwenye risasi 100 kwa siku asizimalize kwa shabaha za karibu kwa sababu tu zinafurahisha. Theluthi moja iende mita 200 hadi 300, ukiwa umelala, umepiga goti, au umeegemea ukuta wa mbao wenye matundu ya kimo tofauti. Ukiegemea ukuta, usiukumbatie kwa mkono ukitegemea msuli, bali sukuma bunduki mbele mpaka mkono wako wa mbele ubanwe kati ya ubao na mtutu, kisha kaza bega nyuma ya kitako, uache mifupa ibebe mzigo. Kwa umbali wa mita 300, upepo wa mita 4 kwa sekunde unaovuma kutoka ubavuni huisogeza risasi ya 5.56 kiasi cha sentimita 25 hadi 35 kulingana na uzito wake, na hiyo inatosha kukutoa kwenye sahani ya chuma. Mchana utauona upepo kwenye nyasi, kwenye bendera, na katika mtetemeko wa hewa yenye joto ndani ya darubini. Jizoeze papo hapo kuusikia pia shavuni, ukitaja kasi yake kabla ya kutazama bendera, kwa kuwa usiku shavu ndilo litakalobaki.

Theluthi ya pili iende kwenye mwendo: kuingia katika nafasi na kutoka. Muda mwingi hupotea hapo kuliko katika kufyatua. Anza kuinua bunduki hatua mbili kabla ya kufika, ili ukisimama alama iwe tayari kwenye shabaha, na uanze kuondoka mara tu risasi ya mwisho inapotoka. Wakati wote wa mwendo kidole kiwe nje ya kifyatulio, kimelala ubavuni mwa bunduki, na mtutu usivuke nyuzi 90 kutoka mwelekeo wa kifusi cha udongo kilicho nyuma ya shabaha. Atakayeuvuka, au atakayeangusha bunduki, hutolewa mashindanoni siku hiyohiyo, na hakuna anayebembelezwa. Mwenye kutumia mkono wa kushoto awe mwangalifu zaidi anapokimbia kuelekea kulia, na mwenye mkono wa kulia anapokimbia kuelekea kushoto na kurudi nyuma. Mwambie mwenzako asimame pembeni atazame mtutu wako tu, asitazame shabaha.

Theluthi iliyobaki itumie utakavyo.

Jua linapotua, kazi ya kwanza ni macho. Ndani ya jicho kuna chembe za aina mbili zinazopokea mwanga. Zile za rangi, zilizojaa katikati ya jicho, huzoea giza kwa dakika kama kumi tu na kisha hufikia mwisho wa uwezo wao. Zile za mwanga hafifu huendelea kunoa kwa nusu saa na zaidi, lakini katikati kabisa ya jicho hazimo. Ndiyo maana gizani kitu unachokikodolea macho hutoweka, na ukitazama kidogo pembeni mwake hurudi. Kaa gizani nusu saa kabla ya zamu yako, weka simu mfukoni, tumia tochi nyekundu hafifu kusomea karatasi ya kituo, na mwenzako akiwasha mwanga mweupe fumba jicho lile unalolengea. Mwanga wa sekunde moja unaweza kukurudisha mwanzo.

Darubini nayo ina hesabu yake, ambayo ni rahisi na wengi hawaijui. Gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa kiasi cha ukuzaji, upate upana wa mwale unaoingia jichoni. Lenzi ya milimita 24 ikikuza mara 6 hutoa mwale wa milimita 4, na ikikuza mara 3 hutoa milimita 8. Mboni ya kijana gizani hufunguka kufikia milimita 7 hivi, ya mtu mzima hupungukiwa. Kwa hiyo wakati wa magharibi, unapoona sahani ya mita 200 inamezwa na weusi, usikimbilie kukuza zaidi, bali punguza mpaka mara 3 au 4, nayo itatokeza. Fanya zoezi hili mara moja jioni: keti kwenye mstari bila bunduki kupakiwa, tazama sahani ileile kila baada ya dakika tano huku giza likiingia, na uandike ni ukuzaji gani ulioionyesha vizuri. Karatasi hiyo ni mali yako kwa miaka mingi.

Kitone chekundu kinachowaka ndani ya darubini ndicho kosa la kawaida kuliko yote. Ukikiacha katika mwanga wa adhuhuri, usiku huvimba kama kaa la moto na kuifunika shabaha nzima, tena hulipofusha jicho uliloliandaa nusu saa. Kipunguze hadi kionekane kwa shida unapokielekeza mahali penye giza, halafu ongeza hatua moja. Lakini kituo chenye tochi hubadili hesabu hiyo: shabaha iliyomulikwa huwa nyeupe, na kitone hafifu hupotea juu yake. Kwa kituo cha namna hiyo rekebisha kitone ukiwa unamulika kitu cheupe kwa umbali wa shabaha halisi.

Kuhusu tochi, idadi ya lumeni, yaani kipimo cha jumla ya mwanga, iliyoandikwa kwenye boksi ni nusu tu ya habari. Kinachofika mita 100 ni ukali wa mwale, yaani jinsi mwanga ulivyokusanywa katikati, na tochi yenye lumeni nyingi zilizotawanyika huangaza vizuri zaidi vumbi na moshi ulio mbele ya pua yako. Katika theluji inayoanguka au pumzi ya baridi, mwale huo hugeuka ukuta mweupe. Dawa yake ni kumulika kwa muda mfupi: washa, tambua, lenga, fyatua, zima, sogea. Swichi ya kubonyeza iwe pale ambapo dole gumba la mkono wa mbele hutua bila kutafutwa, katika nafasi zote, hata ukiwa umelala ubavu. Jaribu nafasi hizo zote nyumbani, mapazia yakiwa yameshushwa, na utashangaa ni mara ngapi swichi iliyo sawa ukisimama haifikiki ukipiga goti nyuma ya ukuta.

Neno *tambua* ninalikazia kwa moyo wote. Usiku shabaha nyeupe na shabaha ya kahawia hufanana mno mpaka mwanga uzifikie, na uwanja una watu. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka jicho limeona ni nini kilicho mbele na nini kilicho nyuma yake. Ukisita, usifyatue. Kupoteza alama 10 ni afadhali kuliko kujizoeza tabia ya kufyatua kivuli.

Usiku wa kwanza uwanjani usifyatue chochote mpaka utaratibu umekamilika. Mipaka ya kushoto na kulia iwekewe taa zisizozimika, kila aliyeko uwanjani avae kijiti cha mwanga mgongoni, watu wahesabiwe kabla na baada ya kila zamu, na mwanga mkubwa mweupe uwashwe kila wakati bunduki zote zinapokuwa tupu. Shabaha za chuma ziwe mbali, zisiwe chini ya mita 50, na ziwe bila mashimo, kwa kuwa vipande vinavyorudi havionekani gizani. Miwani ya kinga ya rangi uliyoizoea mchana ibadilishwe kwa ile isiyo na rangi. Nimewahi kumwona mtu akilalamikia darubini yake dakika kumi nzima huku miwani ya jua ikiwa bado usoni.

Amri za mwamuzi ni zilezile za mchana, nazo kimataifa hutolewa kwa Kiingereza: pakia ujiandae, uko tayari, subiri, kisha mlio. Mwishoni, unapoamriwa kutoa risasi na kuonyesha kwamba bunduki ni tupu, usiku jambo hilo lifanyike polepole zaidi. Toa magazini, vuta bolti nyuma uishike hapo, ingiza kidole kidogo kwenye tundu la risasi ulipapase, kisha umwachie mwamuzi amulike ndani kwa tochi yake mpaka aridhike. Mkimalizana mapema mno, wote wawili mnakuwa mmeamini sauti tu.

Panga usiku wa mwanzo hivi: risasi kumi kwa mita 15 shabaha ikimulikwa na taa ya uwanja, kumi kwa tochi yako, kumi nyingine ukibadilisha magazini katikati, na ishirini kwa mita 50 ukiwa umelala. Hizo 50 zinatosha. Mwili unaochoka gizani hufanya makosa ambayo mwenyewe hauyaoni, na baridi huongeza. Ukiona umeanza kusahau kurudisha kizuizi cha usalama, funga mkoba urudi nyumbani.

Baridi yenyewe ina mahitaji yake. Mafuta mazito huganda, kwa hiyo futa yote utie kidogo ya yale mepesi. Betri za kawaida hulegea, za lithiamu huvumilia zaidi, na za akiba zikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Usipumue juu ya lenzi ya nyuma: vuta pumzi kwa pua, itoe ukiwa umegeuza uso kidogo, kwani ukungu ulioganda kwenye kioo haufutiki kwa kidole bali hukwaruza. Baruti iliyopoa hupunguza kasi ya risasi, hivyo rekebisha tena darubini yako mara moja kila msimu wa baridi unapoanza, wala usiamini ile ya Julai.

Ukifika nyumbani, usiitoe bunduki mkobani. Iache humo saa mbili au tatu, imefungwa, ndani ya kabati lake lenye kufuli, ipate joto polepole, maana chuma cha baridi kikikutana na hewa ya jikoni hutokwa jasho hadi ndani ya mtutu. Kisha ifute, iache wazi ikauke, chaji tochi, na uandike kwenye daftari umbali, ukuzaji, ngazi ya kitone na idadi ya risasi, kila kimoja kwa tarehe yake.